Fungu la Miche

Anande mwanangu,

Sikuulizi hali kwa sababu naisikia. Uko juu ya kichwa changu hapo ghorofani, unaburuza begi kutoka kitandani hadi mlangoni na kulirudisha kitandani, na kila ukilifunga unakumbuka kitu na kulifungua tena. Mimi niko huku chini dukani. Leo Jumapili, nimeshusha mlango wa chuma nusu ili watu wajue nimefunga, na bado watatu wameshainama kuniuliza bei ya keni ya kumwagilia. Ndiyo maana nakuandikia. Katika miaka ishirini na mitatu ya kuwa mama yako hapa Kariakoo sijawahi kumaliza jambo moja bila mtu kuuliza "hii shi' ngapi?", na haya ninayotaka kukuambia ni marefu.

Kuhusu sweta, tangawizi, nauli ya kuficha kwenye soksi na mayai ya kuchemsha ya stendi, sitaandika kitu. Umeshaambiwa, na kama hukusikia, baridi ya Mufindi itakueleza vizuri kuliko mimi.

Nataka nikueleze habari za moto. Najua unacheka. Mama ameuza majembe maisha yake yote, atamfundisha nini mtu mwenye digrii ya misitu? Subiri kidogo. Kesho asubuhi unaondoka kwenda kuanza kazi kwenye kitalu cha miche cha serikali, na mimi nimeahidi kukusindikiza mpaka mlangoni kwa watu hao. Nilipoahidi ulinijibu, "Hamna shida, mama," kwa ile sauti yako ya upole ambayo nimekuja kuielewa nikiwa nimeshazeeka. Maana yake ni kwamba umeshajua sitakuja. Barua hii inahusu sauti hiyo, lakini siwezi kuifikia bila kwanza kupita kwa Bwana Viriba.

Wewe ulimzoea akiwa mzee mstaafu anayekuja kupiga soga. Enzi zake alikuwa afisa ugavi wa ofisi moja ya misitu, huko Posta. Kila Julai, bajeti mpya ikifunguliwa, alikuwa anashuka Kariakoo na tai shingoni, anakaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, anakunywa soda baridi na kuagiza viriba, ile mifuko myeusi ya kuoteshea miche. Marobota kwa marobota. "Mama," aliniambia mara ya kwanza, "mwaka huu tunapanda nchi nzima." Nami kwa furaha nikaagiza mzigo wote kiwandani kabla sijalipwa hata shilingi, maana serikali hulipa, ila hulipa siku ikijisikia.

Oktoba akarudi. Hana tai. Bwana yule alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka kumi, lakini siku hiyo alisimama mbele ya kaunta, akainamisha kichwa na kuniamkia.

"Mama, shikamoo."

Nikajua kuna balaa. "Marahaba," nikamjibu, maana mdomo ulikuwa umeshatangulia.

"Tumeungua."

Nilidhani ofisi. Kumbe ni msitu, Nyanda za Juu huko. Moto kichaa umeingia kwenye misonobari, watu wamepelekwa kuuzima, watu hao wanataka kula, wanataka pa kulala, magari yanataka dizeli usiku na mchana. Pesa zimechotwa kwenye kila fungu la bajeti lililokuwa na kitu. Viriba basi.

"Badala yake tupatie gambuti, reki na mapanga. Leo hii, mama, nakuomba."

"Sina gambuti. Nina viriba."

"Viriba havizimi moto," alisema kwa huzuni kabisa, kama vile yeye naye alikuwa amejaribu.

Basi nikabaki na viriba vya nchi nzima. Vingine nilivipanga dukani mpaka dari, vingine vikaingia chini ya vitanda, na kwa mwaka mzima ulikuwa ukigeuka usingizini kitanda kinachakarisha. Halafu mwaka uliofuata ikawa hivyo hivyo, na uliofuata pia. Julai tai, Oktoba shikamoo.

Unakumbuka siku walipokuja wale maafisa wa mazingira? Ulikuwa umemaliza kidato cha nne, uko nyumbani unasubiri matokeo. Mifuko ya plastiki ilikuwa imepigwa marufuku, na wao wakaingia wakakuta marobota yangu yamesimama kama ukuta.

"Mama, hii ni mifuko," alisema yule mrefu.

"Siyo mifuko, ni viriba."

"Vinabebea nini?"

"Udongo."

"Nani anabeba udongo Kariakoo?"

Jirani yetu Bi Tatu alikuwa amekaa mlangoni pake na viungo vyake vya kuuza, anakula parachichi, na wewe unamjua, jambo la watu haliwezi kumpita mbele akaliacha. "Si waoneshe, jirani! Otesha kitu waone!" Akanirushia kokwa. Wewe ukakimbia kwenye shimo la ghorofa jipya mtaa wa pili, ukaja na udongo kwenye beseni la kufulia, na tukaotesha kokwa la parachichi kwenye kiriba, juu ya kaunta, mbele ya serikali. Wakacheka wakasema watarudi baada ya wiki moja, kama kweli vitu hivi ni vya miche wataona mche.

Siku ya sita kokwa lilikuwa vile vile tulivyolizika. Nikaingiwa na woga. Nilifanya ambalo mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo angefanya: nilikwenda kwa wauza miche wa barabarani, nikanunua mparachichi uliokwisha kukua, nikauhamishia kwenye kiriba chetu. Kesho yake wakaja. Yule mrefu akauzunguka mara mbili.

"Mama, mche wa wiki moja una majani kumi na mawili?"

"Ni huu udongo wa Kariakoo," nikasema.

Bi Tatu akaenda kucheka ndani kwake. Nawe ukasogea, na suruali yako ya nyumbani yenye tope magotini, ukasema, "Shikamooni. Huo wa kununua. Letu ni hili hapa, nililihamishia kiriba kingine, bado, linahitaji kama mwezi na nusu." Ukawafukulia. Ukawaonesha ule ufa mdogo kokwa linapoanza kupasuka, ukaeleza maji yanatokaje kwenye matundu ya kiriba na mizizi inapumuaje, mpaka yule mfupi akatoa simu akapiga picha ampelekee mkewe. Wakaandika kwamba viriba ni vyangu kihalali wakaenda zao. Uongo wangu wenye majani kumi na mawili haukusaidia chochote, na kokwa lako lisilo na jani hata moja ndilo lililotuokoa. Nilitaka uwe mfamasia, lakini tangu siku ile nilijua pesa yangu ya ada inaelekea porini.

Sasa nikwambie nisichowahi kukwambia. Baada ya miaka ile sikuwa mjinga tena. Nikawa mbaya. Bwana Viriba alipokuja Julai na tai yake nilimkaribisha soda, nikaandika oda yake vizuri, akaondoka, nami sikuagiza hata kiriba kimoja. Niliagiza gambuti. Nikajaza stoo gambuti za saizi zote nikakaa kuusubiri moto. Taarifa ya habari ikitaja msitu naongeza sauti ya redio. Siku moja Bi Tatu akanishika.

"Jirani, msitu unateketea na wewe unatabasamu?"

"Sitabasamu. Nina jino linaniuma."

"Jino gani linauma kila Oktoba?"

Gambuti zile ziliisha zote, na mwaka huo tulipaka nyumba rangi. Ukiiangalia ile rangi ya samawati huko juu, ujue inatoka kwenye msitu wa watu.

Kabla Bwana Viriba hajastaafu nilimuuliza, kwa sababu jambo lilikuwa limeanza kunikera. Nikamuuliza kwa nini kila mwaka ni miche inayonyang'anywa.

"Mama, moto una kelele," akasema. "Ukiwaka, wakubwa wanapiga simu, kamera zinakuja, mheshimiwa anavaa gambuti zako anapigwa picha. Huwezi kusema hatuna pesa. Unachota popote. Miche inakaa kimya tu. Elimu ya ufugaji nyuki inakaa kimya. Wale wananchi tuliowaahidi mbegu, nao ni watu wa adabu, wanasubiri."

"Na zile barabara za kuzuia moto, zinazofyekwa msituni ili moto usivuke? Si mngefyeka hizo, moto ukawa mdogo?"

Akaitazama soda yake. "Fungu hilo ndilo tunalochota la kwanza."

Nilicheka mpaka nikakohoa, Anande. Nikamwambia ninyi mmeuza mlango ili mpate pesa ya kumlipa mlinzi! Naye akacheka, akafuta macho, akasema, "Ndivyo hivyo, mama, na mwakani mlinzi ataomba nyongeza." Tukacheka sana siku ile. Nikawa namsimulia kila mteja jinsi serikali isivyo na akili.

Na jioni hiyo hiyo kaka yako Eli akapiga simu.

Sikumbuki lilikuwa lipi. Labda ni pale viatu vyake vya mitumba vilipozolewa na maji Jangwani, baada ya watu wote kumwambia asiweke mzigo bondeni wakati wa masika. Labda ni uchumba wa kwanza, au ule wa pili uliovunjika kabla wa kwanza haujarudishiwa vitu vyake. Ninachokumbuka ni kwamba kesho yake ilikuwa siku ya wazazi kutembelea shuleni kwenu. Nilikuwa nimeshamkata kuku. Nilikuahidi pilau na kuku mzima, usigawane na mtu usiyempenda. Eli akapiga, nikaenda kwa Eli, na yule kuku tukamla mimi na Eli kwenye benchi nje ya ofisi ya serikali ya mtaa, tukimsubiri mwenyekiti. Wewe ulikaa na wenzako ambao mama zao walikuja. Nilipokupigia kwa simu ya matroni ukasema, "Hamna shida, mama." Nami nikashukuru nikakata. Nilidhani unanipa taarifa kwamba hakuna shida.

Ilikuwa hivyo miaka yote. Eli anawaka, nachota kwako. Siyo pesa tu, ingawa na pesa pia, ile pesa ya safari yenu ya mafunzo kwenye msitu wa Amani unajua ilikokwenda. Nachota siku zako. Nachota masikio yangu. Wewe hukuwahi kuungua hata mara moja, kwa hiyo hukuwahi kupewa kitu, na mimi nilijisifu mtaani kwamba nina mtoto asiyenisumbua.

Halafu ikaja mahafali yako. Nilikuwa nimeshasuka, gauni limeshanyooshwa. Alfajiri Eli akapiga kutoka kituo cha polisi kwa mambo ya spika za kukodi, nikaenda na gauni hilo hilo la mahafali, nikakaa kaunta ya polisi nimependeza kuliko mahabusu na askari wote. Niliporudi jioni nikakukuta dukani. Ulikuwa umeshatoka Morogoro na treni ya umeme, umevaa joho, ambalo ulitakiwa uwe umelirudisha, ukatembea nalo kutoka stesheni mpaka hapa ili nikuone ukiwa umelivaa. Umefika, mimi sipo, msaidizi amezidiwa na wateja, ukaingia kaunta. Nilisimama nje nikakuona mwanangu na kofia ya digrii kichwani unampimia fundi waya wa ua. Fundi akasema, "Mheshimiwa hakimu, nipunguzie kidogo." Ukampunguzia. Duka zima likacheka, na wewe ukacheka, kisha ukaniona.

"Mama, umependeza," ukasema.

Nilikwenda chooni nikalia. Ulidhani nina tumbo, ukanichemshia tangawizi.

Siku hiyo, nikiwa nimekaa chooni, ndipo nilipomkumbuka Bwana Viriba na nikaacha kucheka.

Sikwambii moto uachwe. Usije ukafika huko msitu unawaka ukawaambia wakubwa zako mama yangu kasema tuendelee kumwagilia. Moto ukiwaka unazimwa, na Eli akiwa ndani ni lazima atolewe, ni mwanangu. Kosa langu lilikuwa kwamba miaka yote nilijua atawaka, kila mtu Kariakoo alijua atawaka, na sikuwahi kumtengea fungu lake mwenyewe. Kila safari nilishangaa upya, na kila nikishangaa mkono unakwenda kwenye fungu lako kwa sababu lilikuwa karibu na halikupiga kelele.

Bwana Viriba ameniambia mkataba wako unalipwa na fungu la miche. Unajua maana yake, nami najua. Oktoba itakuja. Sina ninalojua kuhusu misitu, najua kaunta tu, na kwenye kaunta mteja anayesimama kimya pembeni anahudumiwa wa mwisho au anaondoka bila kuhudumiwa. Usisimame pembeni mwanangu. Waite hao wakubwa waje kuona miche ikiwa hai, wavalishe gambuti, wapige picha na wewe umeshika kiriba. Waoneshe barabara ya kuzuia moto iliyofyekwa na useme hapa hapakuungua, hapa hapakuungua, hata wakichoka kukusikia. Wakija kuchota fungu lako usiwaambie hamna shida. Waambie shida ipo. Ukiweza hilo kwao, anzia kwangu. Niambie shida ipo, mama, hata kwa ukali. Nitakasirika kama siku mbili hivi, halafu nitazoea.

Hapo nilitaka kumaliza, lakini simu imelia. Nadhani umesikia nilivyopaza sauti.

"Bi mkubwa, shikamoo. Kuna ishu imebuma."

"Marahaba. Ishu gani?"

Jana alikuwa na mziki wake kwenye harusi, besi imepasua kioo cha ukumbi, mwenye ukumbi ameshikilia spika zote. Kesho saa mbili asubuhi wanakaa serikali ya mtaa na anatakiwa mdhamini.

"Kesho sipo," nikasema.

"Unaenda wapi?"

"Nampeleka mdogo wako kazini."

"Anande? Mama, si mtu mzima yule? Ana digrii! Mwambie tu, ataelewa. Yule hana shida."

Nitakuwa mkweli, kwa kuwa barua haina maana kama nitaanza kuotesha miche ya kununua humu. Nilikuwa nimeshasimama. Mguu wa kulia umeshaingia kwenye kandambili. Nilikuwa natafuta maneno ya kukuambia, na maneno yenyewe nilishayapata, yamelainika kwa kutumiwa. Kisha nikalisikia begi lako likiburuzwa tena hapo juu, nikakaa.

"Mpigie baba yako huko Moshi," nikasema.

"Baba atanitukana!"

"Vizuri. Mwambie na mimi nimekubali akutukane."

Nikazima simu. Usinisifu, maana baada ya robo saa niliiwasha nione amepiga mara ngapi. Hakupiga hata mara moja. Kulikuwa na ujumbe: "Poa bi mkubwa, nishapata mdhamini, mshkaji wangu. Safari njema, msalimie dogo." Robo saa, Anande! Kuku wangu wote wale, siku zako zote zile, na moto wenyewe ulikuwa unazimika kwa robo saa nikikaa kitako. Nimecheka peke yangu humu dukani, halafu nimeona uchungu sana, na hata sasa nacheka na kuona uchungu kwa pamoja.

Utakuwa unasoma haya ndani ya basi. Nitakukabidhi tukishaipita Chalinze, ili hata nikitaka kushuka iwe ngumu. Mimi ni huyo aliye kiti cha dirishani amejifanya amelala. Usiniamshe mpaka umalize, na ukimaliza usinikumbatie mbele ya abiria, nitalia na konda atadhani umenipiga.

Jambo moja tu limebaki. Mtaa mzima huu unaniita Mama Eli. Hata wewe ulipokuwa mdogo ukiulizwa mtoto wa nani ulijibu, "Wa Mama Eli," na hakuna aliyeona ajabu, ndiyo desturi, mama huitwa kwa mtoto wa kwanza. Lakini huko kitaluni hakuna anayemjua Eli. Nikishuka na wewe getini, na matope yao na baridi yao, mlinzi atauliza huyu mama ni nani. Usinijibie. Nimekuwa nikilijaribu jina lenyewe tangu mchana humu ndani, kwa sauti ndogo, na mteja wa mwisho alidhani ninampa bei.

Mimi,
Mama Anande